Kiburi cha Darcy katika Mchezo wa Televisheni

Riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, ilitolewa mwaka 1813. Mwaka 1995 BBC iliionyesha katika televisheni kwa sehemu sita, kwa maandishi ya Andrew Davies. Colin Firth alikuwa Darcy, na Jennifer Ehle alikuwa Elizabeth Bennet. Katika kulinganisha kazi hizi mbili huzuka swali zito: je, mposaji huyu hubadilika tabia, au hufunuliwa tu?

Kwanza yapasa kulichagua neno. Mwenye majivuno hujitangaza, na Darcy hajitangazi. Husema machache na kukaa kando. Aibu yake ni kuwaona wenziwe wa chini, nacho ndicho kiburi. Fahari ni jambo jingine: kuilinda heshima ya jina lake na ya dada yake Georgiana. Asiyeyatenga maneno haya hawezi kusema ni kipi kilichomtoka Darcy na ni kipi kilichobaki.

Katika riwaya, ila katika sura chache za mwanzo, Darcy huonekana kwa macho ya Elizabeth. Davies aliivunja kanuni hiyo. Mchezo wafunguka kwa waungwana wawili juu ya farasi, Darcy na Bingley, wakiitazama nyumba ya Netherfield. Baadaye mtazamaji humwona Darcy peke yake, akioga, akijizoeza upanga, akijitosa katika ziwa la Pemberley. Ziwa hilo limesifiwa kupita kadiri.

Lenye uzito zaidi ni barua. Posa ya kwanza hufunga sehemu ya tatu. (Mswahili aliyezoea posa kupelekwa na wazee ataona kuwa hotuba ile, ya kumhesabia binti kasoro za jamaa zake, mshenga yeyote mwenye akili angaliizuia.) Darcy akataliwa, na katika riwaya twaipata barua yake pale Elizabeth anapoisoma. Katika mchezo twamwona yeye akiiandika usiku, na mambo ya Wickham yakipita mbele yetu. Hivyo mtazamaji humhurumia kabla Elizabeth hajawa na sababu ya kumhurumia. Hapa pana hasara: msomaji wa Austen alikosea pamoja na Elizabeth, akatahayari pamoja naye, mtazamaji amekwisha kutangulia, na humngoja tu afike.

Ndivyo ilivyo pia Wickham anapotoroka na Lydia. Austen aliyaficha matendo ya Darcy mpaka Lydia alipoponyokwa na neno, kisha barua ya Bibi Gardiner ikaeleza yote. Mchezo wamwonyesha akiwatafuta London. Tendo lililokuwa na thamani kwa kuwa halikutakiwa kujulikana sasa lina mashahidi wengi, ijapokuwa Elizabeth bado hajui.

Hata hivyo, upo ushahidi wa mabadiliko usiotegemea hila yoyote ya kamera, nao umo katika kazi zote mbili. Darcy aliyewadharau jamaa za Elizabeth akutana huko Pemberley na mjomba wake, Bwana Gardiner, mfanyabiashara wa London. Hamtazami Elizabeth ili aone kama amesifiwa. Aomba ajulishwe kwa wageni, azungumza na mzee huyo kwa adabu, na kumkaribisha aje kuvua samaki katika mto wake.