Si alikwenda kwa hiari yake? Polisi na biashara ya watu

Wapendwa, tunajua habari ya binti aliyeahidiwa kazi ya nyumbani mjini, kisha simu yake ikanyamaza. Wazazi wanapofika kwa polisi wanaweza kuulizwa: “Si alikwenda kwa hiari yake?” Swali hilo laonyesha kwa nini polisi wanahitaji mafunzo.

Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Kongo iliikubali mwaka 2005, inataja mambo matatu. Kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumficha au kumpokea. Pili ni njia: nguvu, vitisho, udanganyifu au kutumia vibaya shida yake. Tatu ni kusudi: kumnyonya kwa ukahaba, kazi ya kulazimishwa au utumwa. Aliyedanganywa hata kama alikubali, kosa linabaki. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18, tendo na kusudi vinatosha, njia haitafutwi. Tena, si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Kutoka kijijini hadi kwenye machimbo kunatosha. Tangu Desemba 2022 nchi yetu ina sheria inayoadhibu kosa hili.

Polisi aliyefundishwa huangalia dalili. Je, mtu mmoja anashika vitambulisho vya wote na kujibu kwa niaba yao? Je, kuna deni lisiloisha? Humtenga binti na aliyemleta, humtafutia mkalimani asiye wa upande wa mshukiwa, wala hamfungi kama mkosaji. Tena hategemei maneno ya binti peke yake, maana hofu inaweza kuyafunga. Hutafuta ujumbe wa simu, pesa zilizotumwa, tiketi, na dereva aliyewabeba.

Nasi kanisani tunalo la kufanya. Tusimhoji binti tena na tena mbele ya watu. Tunamuumiza, na maelezo yanayotofautiana yatamsaidia mshukiwa mahakamani. Tusifute ujumbe wowote. Tuandike tarehe, namba za simu na gari lililotumika, kisha tumsindikize kituoni.

Tukumbuke pia kwamba Yusufu aliuzwa na ndugu zake mwenyewe. Anayemchukua mtoto anaweza kuwa shangazi, jirani, hata mshiriki mwenzetu. Tukimficha kwa kuogopa aibu ya jamaa, kesi itakufa, naye atarudi kumchukua mwingine.