Kijana anayezamia abebe kisu gani?

WAZAZI wengi wakisikia kijana wao anataka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, iwe Diani, Nungwi au Mafia, kwanza huwaza papa. Kisha huenda dukani kumtafutia kisu kirefu cha kufunga mguuni, kama cha kwenye sinema.

Kisu cha mzamiaji si cha kupigana na samaki. Kazi yake ni kukata kinachomnasa, na kwenye miamba yenye wavuvi, kinachonasa ni mshipi wa nailoni uliokatika na vipande vya nyavu. Mshipi wa nailoni hauonekani vizuri majini, hauozi upesi, na hukamata pale ambapo mkono haufiki, kama kwenye valvu ya mtungi nyuma ya kichwa. Aliyenaswa akijipinda, unazidi kumzonga. Akiingiwa na hofu anapumua haraka, na hewa ya mtungi ni ile ile.

Sasa fikiria kisu kiko kwenye muundi na miguu ndiyo iliyonaswa. Ala yake yenyewe hushika mshipi! Ncha kali nayo, mkononi mwa kijana aliyeogopa, inaweza kutoboa jaketi la hewa au kumjeruhi mwenzake. Ukiamua kununua kisu, basi kiwe kifupi, chenye ncha butu, na upande mmoja uwe na meno ya kukatia kamba.

Kwa anayeanza, kuna kifaa bora kuliko kisu: kikata mshipi. Ni kidogo kama kiganja, na wembe wake umefichwa ndani ya kijipengo, hivyo vidole haviugusi. Unaingiza mshipi, unavuta, umekatika. Kamba nene hakiiwezi. Hapo ndipo mkasi wa huduma ya kwanza, ule wa kukatia nguo za majeruhi, unaposaidia. Bei yake si kubwa, hukata wavu kwa mkono mmoja, ila kiungo chake hushika kutu na kukaza.

Hata chuma cha pua hupata kutu baharini. Titani haipati, lakini ni ghali na makali yake huisha mapema. Vyovyote iwavyo, kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila mbizi na kikaushwe.

Kifungwe kifuani au kiunoni, mikono yote miwili ikifikie. Kisha mwache kijana afanye mazoezi nchi kavu: afumbe macho, akichomoe, akate kipande cha mshipi, akirudishe. Akishindwa sebuleni, chini ya maji hataweza. Ajifunze pia kwamba akinaswa anatulia na kumwashiria mwenzake kabla ya kukata chochote, maana mpira wa hewa nao hukatika.

Kwa kozi ya kupata cheti cha kuzamia, shirika la mafunzo la PADI hupokea watoto kuanzia miaka 10. Wa miaka 10 na 11 hawaruhusiwi kupita mita 12, na lazima wazamie na mzazi au mlezi mwenye cheti, au mtaalamu wa PADI. Kwa umri huo, kifaa cha kukatia abebe mtu mzima.

Mkisafiri kwa ndege, kiwekeni kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi, la sivyo kitabaki uwanjani.