Soketi zipangwe kwenye ramani kabla ya lipu kupigwa

Wananchi wengi wanaojenga nyumba hulikumbuka suala la soketi wakati kuta zimekwishasimama na bati limekwishaezekwa. Hapo fundi huitwa, gharama hubanwa, na kila chumba hupewa soketi moja karibu na mlango. Athari ya uamuzi huo huonekana familia inapohamia: jokofu, televisheni, pasi na chaja za simu hutegemea ekstensheni moja inayopita chini ya zulia, na tundu moja la ukutani hubeba mzigo uliopaswa kugawanywa kwa matundu manne.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na umeme ni miongoni mwa nishati zinazohimizwa. Familia inayotaka kuachana na mkaa na kutumia jiko la umeme inahitaji jiko lenye soketi za kutosha, zilizofungwa mahali salama na zenye nyaya zinazohimili mzigo huo.

Kwa nini ekstensheni ni hatari

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, na soketi ya kawaida ya matundu matatu imetengenezwa kubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Birika la wati 2,200 na pasi ya wati 1,600 vikiwashwa kwa pamoja kwenye ekstensheni moja, mzigo hufikia wati 3,800. Kuongeza matundu kwenye ekstensheni hakuongezi uwezo wa soketi iliyochomekwa.

Wengi huamini kwamba mzigo ukizidi, kikata umeme kilichopo kwenye kisanduku cha kugawia umeme kitajizima. Ukweli ni kwamba kifaa hicho huchaguliwa ili kulinda nyaya za ndani ya ukuta, na mara nyingi huwa cha ampea 20 au 32. Waya mwembamba wa ekstensheni duni unaweza kupata joto hadi ganda lake likayeyuka bila kikata umeme kujizima. Hatari huongezeka waya huo unapokunjwa, unapofunikwa kwa zulia au unapobanwa na mguu wa kitanda, kwa kuwa joto hukosa pa kutokea.

Kuanza na matumizi, kisha idadi

Kabla ya kuhesabu soketi, mwenye nyumba anashauriwa kuchukua ramani na kuchora mahali vitakapokaa vitanda, makochi, meza, kabati na jokofu. Kisha aorodheshe vyombo vya umeme vitakavyotumika katika kila chumba, vikiwemo vile anavyotarajia kununua baadaye. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha idadi ya soketi na mahali pa kila moja.

Katika chumba cha kulala, soketi za pande mbili za kitanda hufaa kuliko moja iliyo mlangoni, ambayo baadaye huishia nyuma ya kabati. Sebuleni, upande wa televisheni huhitaji angalau soketi mbili zenye matundu mawili mawili, kwa sababu televisheni huambatana na king'amuzi, redio na kifaa cha intaneti. Kwa kawaida soketi za vyumba hivi hufungwa sentimita 30 hadi 45 kutoka sakafuni. Mahali ambapo maji huingia ndani wakati wa masika, ni busara kuzipandisha zaidi.

Jikoni

Jiko ndicho chumba chenye mzigo mkubwa kuliko vyote. Jokofu lipewe soketi yake, ili lisichomolewe kila birika linapohitajika. Juu ya meza ya kuandalia chakula ziwepo soketi kadhaa, takriban sentimita 15 kutoka usawa wa meza, na zisiwe karibu na sinki. Umbali wa angalau sentimita 30 kutoka ukingo wake husaidia kuepusha maji kurukia. Zisifungwe pia juu ya mafiga ya jiko, ambako waya ungepita kwenye moto au mvuke.

Jiko la presha la umeme lenye wati 1,000 linaweza kutumia soketi ya kawaida. Jiko kubwa lenye oveni huhitaji mzunguko wake pekee kutoka kwenye kisanduku cha kugawia umeme, wenye waya mnene zaidi na kikata umeme chake. Hita ya maji ya kuoga nayo hufungiwa mzunguko wake. Hata kama familia haina vyombo hivyo leo, kulaza bomba tupu la waya wakati wa ujenzi hugharimu kidogo kuliko kutindua ukuta uliokwishapakwa rangi.

Bafuni na nje ya nyumba

Soketi za kawaida hazipaswi kuwekwa bafuni, kwa kuwa mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi. Za nje ya nyumba ziwe na vifuniko vinavyozuia mvua na vumbi. Soketi zote, hususan za jikoni na nje, zilindwe na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kwa kiwango cha miliampea 30. Aidha, tundu la tatu la soketi halina maana iwapo waya wa ardhi haukuunganishwa hadi kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini.

Nyumba inayokarabatiwa

Anayekarabati nyumba ya zamani asianze kwa kuongeza soketi juu ya nyaya zilizopo kabla hazijapimwa. Nyaya zilizofungwa kwa ajili ya taa na redio huenda zisihimili jiko la umeme. Rangi za nyaya pia zinaweza kutofautiana: mfumo wa zamani ulitumia nyekundu kwa waya wenye umeme na nyeusi kwa waya wa kurudisha, ilhali mfumo mpya hutumia kahawia na bluu. Nyumba yenye mifumo yote miwili humchanganya fundi asiye makini, na kosa hilo linaweza kugharimu maisha.

Nyaya ndani ya ukuta zipite wima au mlalo kutoka kwenye soketi, kamwe zisikate mshazari. Utaratibu huo humwezesha anayepigilia msumari miaka kumi baadaye kukisia mahali waya ulipo. Kabla lipu haijapigwa, mwenye nyumba apige picha za kila ukuta na kuzihifadhi pamoja na ramani.

Fundi mwenye leseni

Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi ya kufunga mifumo ya umeme hufanywa na mtu mwenye leseni inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Leseni hizo zina madaraja, hivyo mwananchi ana haki ya kuomba kuiona na kuhakikisha inaruhusu kazi husika. Mchoro wa mfumo wa nyaya ulioandaliwa na mkandarasi mwenye leseni huhitajika pia katika maombi ya kuunganishiwa umeme na TANESCO. Vifaa vinavyonunuliwa viwe vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Dalili za hatari zisipuuzwe. Soketi inayopata joto, inayotoa cheche, iliyobadilika rangi au inayonuka plastiki iliyoungua izimwe kwenye kisanduku cha kugawia umeme na isitumike hadi ikaguliwe. Moto ukitokea, wakazi watoke nje na kupiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Maji yasimwagwe kwenye moto wa umeme ambao haujazimwa katika swichi kuu.