"Asilimia Kumi Tu, Afande": Hesabu ya Mkopo wa Siku Chache

Muhula wa shule ufunguliwapo, askari mwenye familia Mulanda, wilayani Tororo, hujikuta njia panda: karo yadaiwa Jumatatu, na mshahara ungali mbali. Mkopeshaji yu karibu, na maneno yake ni matamu: "Asilimia kumi tu, Afande." Sisi twauliza: kumi kwa siku ngapi, na juu ya fedha zipi?

Tuchukue mfano. Askari anatia sahihi hati ya shilingi 300,000 zitakazolipwa baada ya siku 30. Mkopeshaji anakata riba yake, 30,000, papo hapo. Mkopaji anatoka na 270,000. Hizo ndizo mkopo hasa, maana zile 30,000 hakuzitumia hata siku moja. Basi gawanya 30,000 kwa 270,000, zidisha kwa siku 365 za mwaka, gawanya kwa siku 30 za mkopo, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni asilimia 135.2 kwa mwaka.

Mkopo wa wiki mbili hupimwa vivyo hivyo. Shilingi 100,000 zinazorudishwa 105,000 baada ya siku 14 zaonekana nafuu, kumbe ni asilimia 130.4 kwa mwaka. Anayetoza 8,000 juu ya fedha hizo hizo kwa siku 60 ana bei ya chini sana kuliko huyo: asilimia 48.7.

Mwaka 2024 serikali ya Uganda iliwawekea wakopeshaji wa fedha kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka. Kwa zile 270,000, hiyo ni shilingi 7,560. Sheria inakataza pia kadi ya benki au kitambulisho cha kazi kushikwa rehani. Nasi hatuelewi polisi atalindaje mpaka wa Malaba au Busia hali kitambulisho chake kimo sandukuni mwa mfanyabiashara.

Vyama vya akiba na mikopo vipo: Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya jeshi, na Exodus cha polisi. Huko nako hesabu ifanywe, pamoja na ada yoyote ikatwayo kabla ya fedha kufika mkononi. Na mkopo ukilipwa kidogo kidogo kila mwezi, kanuni hii haitoshi: deni hupungua, na karani aulizwe kama riba nayo yapungua.