UJIRA WA MKWEZI NA UHAI WA MINAZI
Maelezo kwa wenye mashamba, wakuu wa taasisi na wananchi wa Mkokotoni na vijiji vya jirani

Mnazi ni miongoni mwa mimea inayotegemewa sana na wananchi wa Mkoa wa Kaskazini Unguja, ambao makao yake makuu yapo Mkokotoni. Nazi huingia jikoni kila siku, makuti huezeka nyumba, makumbi husokotwa kamba na kigogo hutoa mbao. Hata hivyo, faida zote hizo zina sharti moja lisiloepukika, nalo ni kupatikana kwa mtu wa kupanda juu. Minazi mirefu ya kienyeji hufikia mita 20 na zaidi, na anayeifikia ni mkwezi peke yake.

Lalamiko linalosikika kwa wenye mashamba ni kwamba wakwezi wazoefu hawapatikani kwa wakati. Nazi hukaa juu hadi zikaanguka zenyewe, makuti makavu huning'inia juu ya mapaa, na chonga hutoboa vilele bila ya mtu kujua. Ni vyema ifahamike kwamba mkwezi haondoki shambani kwa uvivu. Huondoka kwa sababu kazi yake hulipwa kidogo, hulipwa kwa kuchelewa, au haina hakika ya kesho. Maelezo haya yanakusudia kufafanua mambo hayo na kuonesha njia za kuyarekebisha.

Kazi yenyewe ilivyo

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya mkwezi ni kuangua nazi tu. Kwa hakika anapofika juu huwa na kazi nne. Kwanza, huchagua nazi zilizokomaa na kuyaacha madafu, vitale na vidaka viendelee kukua, na kosa la jicho hapo ni hasara ya mavuno yajayo. Pili, hukata makuti makavu na kuondoa makarara. Tatu, hukagua kilele, na akiona tundu la chonga humtoa mdudu huyo kwa waya wenye ncha iliyopindwa. Nne, humweleza mwenye shamba hali ya kila mnazi, kwa kuwa ndiye pekee aliyeuona kwa karibu.

Upandaji nao una ujuzi wake. Mkwezi anayetumia kamba ya miguuni hauumizi mnazi. Anayechonga vidato hupanda kwa urahisi zaidi, lakini kila kidato ni jeraha lisilopona, na maji yakituama humo kigogo huanza kuoza. Kwa hiyo mwenye shamba anayemfukuza mkwezi mwenye ujuzi na kumleta wa rahisi mwenye panga huweza kuokoa fedha leo na kupoteza mnazi baadaye.

Hesabu ya siku za kazi

Shamba la eka tatu, mfano wa yale waliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, likipandwa minazi kwa nafasi ya mita tisa huwa na minazi 150 hivi. Tukichukua mfano wa mkwezi mzoefu anayepanda minazi 35 kwa siku, shamba hilo litamchukua siku nne hadi tano. Ikiwa minazi hiyo ina urefu wa mita 15, kwa siku moja atakuwa amepanda zaidi ya mita 500 na kushuka mita nyingine kama hizo, kwa nguvu ya mikono na miguu yake.

Nazi zikianguliwa kila baada ya miezi mitatu, shamba hilo litampa mkwezi siku 16 hadi 20 za kazi kwa mwaka mzima. Hapa ndipo ulipo ugumu wenyewe. Hakuna mtu anayeweza kulisha familia kwa siku 20 za kazi, hata akilipwa vizuri kwa kila mnazi. Mwenye shamba humwona mkwezi mara nne kwa mwaka na kumtarajia awepo kila anapoitwa, ilhali mkwezi hana budi kutafuta riziki siku zote zilizobaki.

Kutokana na hali hiyo, mkwezi huvutwa na kazi nyingine. Msimu wa karafuu unapofika, wapo wanaovuka kwenda Pemba, safari ambayo watu wa Tumbatu na sehemu nyingine za Unguja waliizoea tangu zamani. Hoteli za ukanda wa Nungwi, Kendwa na Matemwe nazo zinahitaji watu wa kuondoa nazi na makuti yaliyo juu ya wageni. Hoteli haiuzi nazi hizo. Hulipia usalama, na huhitaji kazi hiyo mwaka mzima. Mwenye shamba anayelipa kwa kuangalia bei ya nazi sokoni hawezi kushindana na malipo hayo kwa kuongeza shilingi chache tu.

Linaloweza kufanyika ni kuunganisha mashamba. Wenye mashamba 12 ya eka tatu wakikubaliana kumtumia mkwezi mmoja kwa zamu, watakuwa wamempa siku 192 hadi 240 za kazi kwa mwaka. Hiyo huwa ajira ya kutegemewa, na kila mwenye shamba hujua tarehe yake bila ya kumtafuta mtu njiani.

Namna ya kulipa

Desturi ya pwani ni kumlipa mkwezi kwa kila mnazi aliopanda, kwa fedha au kwa kumpa sehemu ya nazi alizoangua. Desturi hiyo si mbaya, lakini ina kasoro mbili. Malipo ya nazi hupungua thamani pale nazi zinapojaa sokoni, ilhali urefu wa mnazi haupungui. Aidha, anayelipwa kwa idadi ya minazi pekee hufanya haraka, akaangua nazi na kuuacha uchafu juu. Mwenye shamba humlaumu kwa uzembe, na kumbe amemlipa kwa haraka hiyo hiyo.

Inashauriwa kazi zitenganishwe katika makubaliano. Kuangua kuwe na bei yake, kusafisha kilele na kutoa chonga kuwe na nyongeza yake. Mnazi mrefu kupita kiasi au ulioinama upangiwe bei ya peke yake. Kuukata mnazi ulio karibu na nyumba au njia ya umeme, ambao hushushwa kipande kwa kipande kuanzia juu, ni kazi nyingine kabisa na haifai kuhesabiwa kama kupanda mnazi mmoja. Anayetaka kukata mnazi kwanza aonane na Sheha wa shehia yake ili apate kibali kinachohitajika.

Ajali na fidia

Mkwezi anapoanguka, mara nyingi huvunjika uti wa mgongo, nyonga au miguu. Akinusurika huenda asipande tena, na mzigo wote huwaangukia mkewe, watoto na wazee wake. Msingi wa fidia ya kazini ni kwamba mwajiri huwajibika kwa mfanyakazi aliyeumia akiwa katika kazi yake. Tatizo la mkwezi ni kuthibitisha nani alikuwa mwajiri wake, kwani asubuhi alikuwa shamba hili na mchana shamba lile, na hakuna aliyeandika kitu. Karatasi moja yenye majina, tarehe, idadi ya minazi na bei, ikashuhudiwa na Sheha, inatosha kuondoa utata huo.

Upo mfano wa karibu. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, limewahi kuwalipa fidia wachumaji walioanguka mikarafuuni. Karafuu hupita katika mkono mmoja wa ununuzi, hivyo ni rahisi kutenga fedha za kazi hiyo. Nazi huuzwa na kila mtu kwa njia yake, na kwa sababu hiyo umoja wa wenye mashamba ndio unaoweza kuweka akiba kama hiyo, hata kwa kutenga thamani ya nazi chache kutoka kila mavuno. Mkwezi mwenyewe naye anaweza kuulizia utaratibu wa uchangiaji wa hiari katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioanzishwa kwa Sheria Nam. 2 ya mwaka 1998.

Kurithisha ujuzi

Tatizo hili si la Unguja peke yake. Nchini India, Bodi ya Maendeleo ya Minazi ilianzisha mwaka 2011 mafunzo ya siku sita kwa vijana wa jimbo la Kerala, ambako wakwezi walikuwa wamekuwa adimu. Vijana hao walifundishwa kutumia chombo maalum cha kupandia, wakafundishwa kukagua maradhi ya minazi, na wakawekewa bima ya ajali. Kazi iliyokuwa ikidharauliwa ikapata heshima ya fundi.

Huku kwetu ujuzi hutoka kwa mkwezi mzee kwenda kwa kijana anayemfuata. Mzee hatakuwa na sababu ya kufundisha ikiwa mwanafunzi ndiye atakayemnyang'anya kazi kwa bei ya chini. Ni vyema wenye mashamba wamlipe mzee kwa siku anazofundisha, na umri wake wa kutopanda tena usiwe mwisho wa kipato chake. Watoto wasitumwe juu kwa kuwa ni wepesi. Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya mwaka 2011 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kupanda minazi kwa ujira ni kazi ya hatari.

Wajibu wa taasisi

Walimu wakuu wa skuli, wakuu wa vituo vya afya na maofisa wenye minazi katika viwanja vyao wanakumbushwa mambo matatu. Kazi ya mkwezi iombewe fedha kabla ya kumwita, ili aliyefanya kazi ya siku moja asisubiri malipo kwa miezi. Eneo lililo chini ya mnazi lifungwe, na wanafunzi na wagonjwa wasipite wakati wa kazi. Kazi isifanyike mvua inaponyesha wala upepo unapovuma, hata kama siku ilikwisha kupangwa.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mkwezi mwema hahitaji sifa nyingi. Anahitaji bei inayoeleweka, malipo ya siku ile ile, kazi ya mwaka mzima na hakika kwamba akianguka familia yake haitaachwa peke yake. Wenye mashamba watakaompa hayo watampata kila watakapomhitaji.