Mafuta ya injini ya gari hayaifai boti

MWENYE boti ya jeti, isukumwayo kwa mkondo wa maji badala ya rafadha, asishawishike kutia injini mafuta ya gari kwa sababu ya bei. Injini hiyo huzunguka kwa kasi kwa muda mrefu, penye unyevu na chumvi, hivyo huhitaji mafuta yenye kinga dhidi ya kutu.

Kwa injini ya mipigo minne, tafuta alama ya FC-W kwenye mkebe. Unene, mathalani 10W-30 au 10W-40, ufuate kitabu cha mtengenezaji. Nunua pia filta mpya na pampu ya kufyonza mafuta machafu kupitia tundu la kijiti cha kupimia.

Mafuta yakitoka na rangi ya maziwa, maji yamepenya. Usiende baharini kabla fundi hajaikagua injini.