Kuficha Si Kufunga

Mtu akitia fedha zake chini ya godoro amezificha; akizitia katika sanduku la chuma na kushika ufunguo, amezifunga. Mambo haya mawili si sawa, nami nilijifunza tofauti yake kwa aibu. Nawaandikia hasa ninyi mliokwisha maliza shule, mnaotunza kompyuta za ofisi na zahanati, msije mkajikwaa nilipojikwaa mimi.

Shule yetu ina seva moja, yaani kompyuta inayoweka faili za watu wote, nasi huzifikia kwa njia ya mtandao. Ndani yake hufanya kazi programu iitwayo Samba. Wengine hudhani jina hilo limetoka katika ngoma ya Brazili, lakini sivyo. Bwana Andrew Tridgell wa Canberra, Australia, aliitoa programu hiyo mara ya kwanza mwaka 1992. Lugha ya faili ambayo kompyuta za Windows husemezana nayo huitwa SMB. Basi baadaye, alipohitaji jina jipya, alitafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi hizo tatu kwa mfuatano, akapata Samba.

Amri zote za Samba huandikwa katika faili iitwayo smb.conf. Mwaka jana nilipewa kazi ya kuitunza. Karatasi za mtihani wa majaribio ziliwekwa katika folda ya wote, nikaambiwa nizifiche. Nikaandika mstari huu:

hide files = /mtihani*/

Mikwaju ile hutenga jina na jina, na nyota maana yake ni herufi zozote zinazofuata. Nilipofungua folda sikuona kitu, nikalala usingizi mzuri. Kumbe amri hiyo huipa faili alama ya kufichwa tu. Mtu akiiambia kompyuta yake ionyeshe vilivyofichwa, ataviona na kuvifungua apendavyo. Ndivyo ilivyotokea. Mtihani ulifutwa, kidato kizima kikaurudia, na wenzangu wawili wasio na hatia walishukiwa kwa juma zima, mpaka nilipokwenda kwa mkuu wa shule kueleza kuwa mlango niliuacha wazi mimi.

Iko amri ya pili, iliyo kali zaidi:

veto files = /*.exe/Autorun.inf/

Faili yenye jina la namna hiyo haionekani katika folda, wala haifunguliki, wala haiwezi kuandikwa kupitia Samba. Yafaa sana kuzuia faili zinazobeba virusi kutoka diski za mkononi. Lakini yafaa tujue mambo matatu. Kwanza, huangalia jina tu, wala haitazami yaliyomo; mwenye hila akibadili jina la faili, itapita. Pili, faili haikufutwa. Ingali ndani ya seva, na aketiye mbele ya seva yenyewe ataiona. Tatu, folda yenye faili iliyozuiwa hukataa kufutwa, na mtu hushangaa kwa sababu aiona tupu. Amri ya delete veto files = yes huondoa shida hiyo, ila itumieni kwa hadhari, maana itafuta msivyoviona.

Je, amri hii ya pili ingaliokoa mtihani wetu? Hapana. Ikiandikwa hivyo huwazuia wote sawasawa, hata mwalimu mwenye mtihani wake asingeweza kuufungua kupitia folda ile. Dawa iliyofaa ni kuwapa waalimu folda yao peke yao, na kuandika chini ya jina lake:

valid users = @waalimu

Hapo asiye katika kundi la waalimu hukataliwa mlangoni, hata kama ajua jina la kila faili. Nasi twaongeza hide unreadable = yes katika folda ya wote, ili kila mtu aone zile tu alizoruhusiwa kuzisoma.

Mkimaliza kuandika, endesheni programu ya testparm. Itawaonyesha makosa ya maandishi. Lakini haiwezi kuonyesha makosa ya fikira. Kwa hiyo ingieni kwa jina la mwanafunzi wa kawaida, mwamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, kisha mjaribu kuiba. Mimi nilijaribu mara moja tu, kwa jina langu, nikaridhika.

Sasa amri ya kuficha naitumia kwa vitu vidogo visivyo na siri, kama Thumbs.db na desktop.ini, ambavyo huchafua folda bure. Chenye siri nakitilia kufuli. Wale wenzangu wawili wamekwisha nisamehe, na mmoja wao ndiye nitakayemkabidhi kazi hii nikiondoka.